Treni ya mfano inapogoma: utatuzi wa matatizo ya modeli ya stesheni ya Moshi

Mwongozo huu ni wa anayejenga modeli ya reli ya Moshi, au kipande chochote cha njia ya Tanga hadi Arusha, na anayekusudia kuipeleka mbele za watu: ukumbi wa shule, banda la Nane Nane pale Njiro, popote penye nafasi na umeme. Vipimo vyote ni vya mizani ya 1:87, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87, kwenye njia ya upana wa mm 12. Meza ni nne, kila moja sm 122 kwa 61, yaani karatasi moja ya plaiwudi iliyokatwa vipande vinne bila kubakiza kitu.

Kabla hujashika bisibisi, jibu swali moja: tatizo linakaa mahali pamoja, au linasafiri na gari? Pitisha injini nyingine palepale. Kisha ile ya kwanza ipeleke upande mwingine wa njia, na uigeuze itembee kinyumenyume. Ukipata mahali pamoja panapogomesha kila kitu, shida iko mezani. Ukipata injini au behewa moja linalogoma kila mahali, acha meza, geuza gari miguu juu. Wengi hubadilisha vitu vitatu kwa mpigo, treni inatembea, na hawajui kipi kilikuwa kibovu. Wiki ijayo kinarudi kilekile mbele ya watazamaji. Badilisha kitu kimoja, jaribu, ndipo uende kingine.

Treni inasimama palepale kila inapopita

Mtuhumiwa wa kwanza ni kiunganishi cha reli, kile kibati kidogo kinachoshika ncha mbili. Kazi yake hasa ni kuziweka reli mstari mmoja. Umeme kinapitisha kikiwa kipya, lakini vumbi likiingia, masika ikipita, au rangi ya ubavu wa reli ikipenya ndani yake, mkondo unakatika.

Hapa multimeta itakudanganya. Ukiigusisha kwenye reli mbili bila treni, kiunganishi kibovu bado kitakuonyesha volti 12, kwa sababu multimeta haivuti mkondo wa maana. Chukua balbu ya indiketa ya bodaboda, ya volti 12 na wati 10, uifunge nyaya mbili fupi. Inavuta ampea 0.8 hivi, zaidi ya injini moja ndogo, kwa hiyo kila udhaifu unajitokeza. Fungua umeme hadi mwisho, tembeza nyaya hizo juu ya reli kila sm 20, ukiiangalia balbu. Inapofifia ghafla, rudi nyuma hadi kiunganishi cha mwisho ulichovuka: hicho ndicho.

Dawa ya kudumu ni kila kipande cha reli kiwe na waya wake, hata kiwe kifupi cha sm 10. Chini ya meza pitisha nyaya kuu mbili za mm² 1.5, zilezile za kufungia taa za nyumba, nyekundu na nyeusi. Kutoka kila reli shusha waya mwembamba wa mm² 0.5 usiozidi sm 25 hadi waya mkuu. Usibane matumizi kwenye waya mkuu. Kwa mkondo wa ampea 2 na umbali wa mita 6 kwenda na 6 kurudi, waya mwembamba wa spika wa mm² 0.2 unakula volti 2 njiani. Ule wa 1.5 unakula chini ya theluthi moja ya volti. Hiyo ndiyo sababu treni hukimbia karibu na kidhibiti, kile kifaa kinacholisha reli umeme na kuamua mwendo, na kujikokota meza ya mwisho.

Wakati wa kulehemu, kwangua ubavu wa nje wa reli kwa tupa ndogo hadi ung'ae, paka resini, kisha weka pamba yenye maji kila upande wa mahali hapo ili mataruma ya plastiki, vile vipande vya kukingama vinavyobeba reli, yasiyeyuke. Risasi ishike ndani ya sekunde 2 au 3. Isiposhika, chuma chako ni baridi au reli ni chafu. Kuendelea kuipasha kutayeyusha mataruma matano na bado waya utachomoka. Risasi isipande upande wa ndani, maana ukingo wa gurudumu utaigonga.

Injini ikisimama juu ya pointi tu, yaani pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili, tazama moyo wake, pale reli mbili zinapokatana. Pointi nyingi zina moyo wa plastiki au wa chuma kisichounganishwa na kitu, na injini fupi yenye magurudumu machache yanayochukua umeme inabaki juu ya sehemu iliyokufa. Kama moyo ni wa chuma, uunganishe kupitia swichi ndogo inayogeuka pamoja na pointi, ili upate upande sahihi wa umeme kila njia inapobadilika. Kama ni wa plastiki, suluhisho liko kwenye injini: ongeza magurudumu yanayochukua umeme, ikiwezekana hadi yale ya behewa la kwanza.

Inasuasua kila mahali

Uchafu. Kiangazi cha Moshi kina vumbi jekundu laini linalopita hata kwenye dirisha lililofungwa, na likichanganyika na mafuta ya gia linakuwa rangi juu ya reli. Chukua kitambaa cha pamba kisichoachia nyuzi, kilowanishe kidogo kwa spiriti ya isopropili ya duka la dawa, sugua, kisha pitisha kitambaa kikavu mara moja, kwa sababu ile ya asilimia 70 ina maji. Spiriti ya zambarau inasafisha lakini huacha rangi yake na inaweza kutoa rangi ya mabehewa. Mafuta ya taa huacha utando unaokamata vumbi jipya. Msasa usiguse reli kabisa: unachora mifereji, na mifereji ndiyo nyumba ya uchafu wa kesho.

Kusafisha reli bila magurudumu ni kazi ya nusu. Laza kitambaa chenye spiriti juu ya reli, bogi moja ya injini (fremu ndogo ya magurudumu inayozunguka chini ya gari) ikae juu ya kitambaa na nyingine kwenye reli tupu, ishike injini kwa mkono na ufungue umeme. Magurudumu yatajifuta yenyewe. Utaona mistari miwili myeusi kwenye kitambaa. Geuza injini, rudia, hadi mistari ipauke. Mabehewa yenye magurudumu ya plastiki hutawanya uchafu njia nzima. Kuyabadilisha yawe ya chuma ni fedha iliyotumika vizuri kuliko kununua injini mpya.

Injini inalia, inakwaruza, kisha gia zinakwama

Tatizo hili ni letu hasa, watu wa Arusha na Moshi, na miongozo ya nje haitakuonya. Mchanga mweusi wa mito yetu umetokana na mawe ya volkano na una chembe za chuma zinazovutwa na sumaku. Machoni ni kokoto nzuri kabisa za reli: ukiuchuja kwa chujio la chai, unapata chembe zinazolingana na kokoto halisi ya mm 40 hadi 60, ambayo kwenye mizani yetu ni nusu milimita na kidogo. Kwa hiyo kila mjenzi anaukimbilia. Lakini ndani ya injini kuna mota, na ndani ya mota kuna sumaku. Chembe moja iliyobanduka inarukia juu, inajibana kati ya sumaku na rota au inapanda kwenye gia ya bogi. Mwanzoni unasikia mkwaruzo mwembamba, kisha injini inakuwa moto, kisha inasimama.

Kabla ya kutumia mchanga wowote, mwaga kijiko kimoja kwenye karatasi nyeupe. Chukua sumaku ya spika mbovu, ifunge ndani ya mfuko wa nailoni, ipitishe juu ya mchanga bila kugusa. Utaona chembe zikisimama kama nywele na kushika nailoni. Geuza mfuko nje ndani, chembe zote zibaki ndani yake, tupa. Rudia hadi sumaku itoke tupu. Mchanga wa mtoni mara nyingi hautoki mtupu: hata punje zinazoonekana ni jiwe zina chuma ndani yake. Ukiona baada ya kupitisha mara nyingi sumaku bado inabeba, achana na mchanga huo. Utumie kwenye barabara, uwanja, ukingo wa mto, mbali na njia kwa sm 10 au zaidi.

Kwa kokoto za reli, bora marumaru ya terazo inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Haivutwi na sumaku. Itwange, ichuje mara mbili: chujio la chai kwanza kutoa punje kubwa, kisha kitambaa cha chandarua kilichokunjwa mara mbili au tatu kutoa unga. Kinachobaki katikati ndicho chako. Kitie rangi ya maji ya kijivu iliyochanganywa na nyeusi kidogo, kikauke juani, kisha kivunjevunje kwa vidole. Kumwaga kokoto zenye rangi moja kunaonekana kama zulia. Changanya vivuli vitatu, na karibu na jengo ongeza kahawia.

Injini iliyokwishaingiwa haiponi kwa kupuliza. Fungua bodi, toa kifuniko cha gia chini ya bogi, osha gia kwa spiriti na brashi laini. Chembe zilizoshika sumaku ya mota haziondoki kwa brashi, zinahama tu. Zibandue kwa ncha ya tepu au gundi laini ya ukutani iliyochongwa kama kijiti. Ukimaliza, weka mafuta ya cherehani kwa ncha ya pini, tone moja kila mwisho wa ekseli, si zaidi. Mafuta ya kupikia yanaganda na kuwa gundi baada ya miezi michache.

Treni inaacha reli

Rudi kwenye swali la mwanzo. Behewa moja linaanguka kila mahali: pima nafasi kati ya magurudumu kwa geji ya njia yako, maana mara nyingi gurudumu moja limeteleza kwenye ekseli. Kisha angalia kama bogi zinazunguka bila kubanwa, na kama behewa lina uzito. Behewa la abiria la sm 20 linahitaji gramu 100 hadi 120 kwenye njia ya mm 12. Jepesi likivutwa kwenye kona linang'olewa ndani, hasa likiwa katikati ya treni ndefu. Gundisha nati au washa ndani, juu ya bogi zote mbili, sawa kwa sawa. Uzito wote ukiwa katikati, behewa litayumba.

Mabehewa tofauti yanaanguka mahali pamoja: lala hadi jicho lilingane na reli. Usisimame kuangalia kutoka juu, hutaona kitu. Unatafuta reli moja iliyo juu ya mwenzake kwenye kiungo, au kona inayoanza ghafla badala ya kuingia taratibu. Pitisha ukucha juu ya kila kiungo. Ukucha ukikwama, gurudumu nalo litakwama. Kona usiende chini ya nusu kipenyo cha sm 50 kwa mabehewa marefu. Injini fupi zitapita kwenye sm 35, lakini mabehewa yatajitokeza nje na kugonga nguzo za jukwaa.

Kisha kuna mpaka wa meza na meza, ambao ndio unaoharibu maonyesho mengi kuliko kitu kingine chochote. Nyumbani reli zinalingana. Ukumbini sakafu ina mteremko, meza moja imepanda nusu milimita, na kila treni inaangukia hapo. Nusu milimita kwa 1:87 ni kama sm 4 za reli halisi. Hakuna treni inayovuka hiyo.

Fanya hivi. Funga meza mbili kwa bolti za M8 kupitia mbao za mwisho, kisha ongeza bawaba mbili za mlango, moja kila upande, zenye pini inayochomoka. Bawaba ndizo zinazoweka meza mahali palepale kila mara, bolti zinabana tu. Bawaba zifungwe wakati meza zimelala kwenye sakafu iliyonyooka na zimeshabanwa kwa kilempu (kibanio cha seremala), wala si kabla. Baada ya hapo, kwenye ukingo wa kila meza, chini ya kila reli, piga skrubu ya shaba ya mm 20. Vichwa vyake vipakwe risasi, virekebishwe kwa kuzungusha hadi viguse reli bila kuisukuma juu. Lehemu reli kwenye skrubu pande zote mbili za mpaka. Mwisho kabisa, meza zikiwa bado zimefungwa, kata reli juu ya mpaka kwa msumeno mwembamba. Ukikata kwanza na kulehemu baadaye, hazitalingana.

Njia ivuke mpaka ikiwa imenyooka na kwa pembe mraba. Pointi au kona juu ya mpaka ni kujitafutia shida, hata kama ramani ya stesheni inakushawishi. Sogeza mpaka wa meza, usiulazimishe.

Reli pia inarefuka kwa joto. Mita moja ya reli ya aloi ya nikeli ikipata nyuzi 20 zaidi, kama inavyotokea chini ya turubai saa saba mchana, inarefuka theluthi moja ya milimita. Ukiwa umelehemu kila kiungo bila nafasi, njia itajikunja katikati kama nyoka na mabehewa yataanguka mahali palipokuwa pazuri asubuhi. Acha upenyo wa nusu milimita kila baada ya mita moja, usiulehemu. Waya wa chini unapeleka umeme.

Pointi imeganda baada ya kumwaga kokoto

Gundi imeingia chini ya ndimi, zile reli mbili nyembamba zinazosogea kubadilisha njia. Loweka kwa maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo, subiri dakika 15, sogeza ulimi kidogo kidogo kwa kijiti cha meno. Gundi nyeupe ya mbao inalainika kwa maji. Gundi ya papo kwa papo hailainiki, na pointi hiyo utaibadilisha. Ili isirudie: kwenye pointi mwaga kokoto kidogo kuliko kwingine, paka tone la mafuta ya cherehani chini ya ndimi kwanza, na mchanganyiko wa gundi na maji, nusu kwa nusu, uudondoshe kwa bomba la sindano badala ya kunyunyiza.

Kidhibiti kinajizima

Kama kinajizima papo hapo unapofungua, kuna shoti ya kudumu: bisibisi iliyosahaulika juu ya reli, waya mwekundu uliokutana na mweusi kwenye plagi ya kati ya meza, au njia inayojirudia yenyewe ambapo reli ya kushoto inakutana na ya kulia. Tenganisha meza moja moja hadi kidhibiti kikae. Ndiyo maana plagi kati ya meza ni za lazima; waya uliolehemiwa moja kwa moja kutoka meza ya kwanza hadi ya nne hautenganishiki saa mbili asubuhi milango ikiwa inafunguliwa.

Kama kinajizima treni inapopita mahali fulani, ni gurudumu linalogusa reli mbili za pande tofauti kwenye pointi. Paka rangi ya kucha kwenye sm 1 ya reli hapo. Ikitulia umepata mahali, sasa kata upenyo kwa msumeno; rangi ya kucha ni ya kupimia, itaisha.

Kwenye mfumo wa kidijitali, ule ambao kila injini hupokea amri zake kupitia reli, kuna jaribio moja ambalo halina mjadala. Weka sarafu ya shilingi 200 juu ya reli mbili, kila meza, sehemu iliyo mbali zaidi na kidhibiti. Kidhibiti lazima kizime mara moja. Kisipozima, waya wako ni mwembamba mno, na siku shoti ya kweli ikitokea, ampea zote zitapita kwenye bogi ya injini na kuiyeyusha.

Umeme wa jenereta kwenye mabanda hupanda na kushuka. Adapta za kisasa zilizoandikwa volti 100 hadi 240 huvumilia. Transfoma nzito za zamani hazivumilii, na treni itapunguza na kuongeza mwendo yenyewe kila friji ya jirani inapowaka. Weka yupiesi ndogo ya kompyuta (UPS, sanduku lenye betri ya akiba) kati ya soketi na adapta. Na chini ya meza kusipite waya wa volti 230 hata mmoja. Adapta zikae kwenye sanduku sakafuni, nyuma. Kinachopanda mezani kiwe volti 16 au chini.

Meza zimepinda baada ya masika

Plaiwudi iliyopakwa rangi juu tu hunywa unyevu kwa chini. Machi hadi Mei upande mmoja unavimba, mwingine haujui, na meza inakuwa upinde. Paka vanishi mikono miwili juu, chini na kwenye kingo zote nne, kabla ya kuweka reli. Kingo ndizo zinazonywa zaidi na ndizo zinazosahauliwa.

Fremu ya mbao ya paina mbichi itapinda hata ufanye nini. Mbao za mbili kwa moja zipange juu ya vijiti ndani ya nyumba, hewa ipite katikati, na kata kipande kimoja cha sm 30 ukipime kwenye mizani ya jikoni kila Jumamosi. Uzito ukiacha kushuka wiki mbili mfululizo, mbao ziko tayari. Vipande vya kukingama viwe kila sm 30 hadi 40. Meza iliyokwishapinda milimita 3 au 4 unaweza kuiokoa kwa kuongeza ubao wa pembeni ulionyooka, gundi na skrubu. Iliyojipinda kama propela, pembe moja juu na nyingine chini, ivunje uanze upya.

Wageni hawaitambui Moshi

Kila kitu kinatembea, lakini mtu wa Pasua au Majengo, mitaa ya Moshi yenyewe, anasimama mbele na kuuliza, "Hapa ni wapi?" Hili nalo lina vyanzo vinavyopimika.

Chanzo cha kwanza ni upana wa reli. Njia ya mm 16.5, iliyo rahisi kupatikana, kwa 1:87 inatoa mm 1,435, ambayo ni reli ya SGR. Reli ya Moshi ni ya mita moja. Ukiweka magari yetu juu ya njia pana, mtu anahisi kasoro hata asipojua kuitaja: treni imekaa kama imepanua miguu. Njia ya mm 12 inatoa mm 1,044, karibu kabisa. Kama tayari una reli nyingi za 16.5, usizitupe, jenga majengo na mabehewa kwa 1:60, nayo inakupa mm 990. Ila meza zitahitaji kurefuka karibu nusu tena.

Chanzo cha pili ni mlima. Karibu kila anayeuchora huufanya mkali kama hema. Kibo iko takriban km 31 kaskazini mwa mji, na kilele chake cha mita 5,895 kiko kama mita 5,000 juu ya stesheni. Hiyo ni pembe ya nyuzi 9 tu. Mtazamaji akisimama mita 1.5 kutoka kwenye pazia la nyuma, kilele kiwe sm 24 juu ya mstari wa upeo, basi. Mawenzi, mita 5,149, ikae kulia kwa sm 55 hivi, urefu wake sm 21, na katikati tandiko lililolala. Miteremko iendelee hadi nje ya pazia pande zote mbili. Mlima unaoanza na kuishia ndani ya picha si Kilimanjaro. Rangi za chini zififie, bluu na kijivu zaidi ya kijani, kwa sababu kuna hewa ya km 30 katikati. Na barafu iendane na mwaka uliouchagua: zaidi ya asilimia 80 ya ile iliyokuwepo mwaka 1912 imeshatoweka, kwa hiyo Kibo ya treni za mvuke ni nyeupe zaidi ya hii tunayoiona leo.

Mwaka ndio chanzo cha tatu, na hapa wazee wastaafu wa reli hawakusamehe. Watakuja, utawaamkia, na watasoma kila kibao. Reli ilifika Moshi mwaka 1911 ikitokea Tanga, ikafika Arusha mwaka 1929. Njia ya kuunganisha na Reli ya Kati kupitia Ruvu ilifunguliwa mwaka 1963. Treni ya "Dar es Salaam–Moshi" kwenye modeli ya 1955 haikuwezekana. Treni ya Voi kupitia Taveta na Kahe ni halali kabla ya 1977, mwaka ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka ukafungwa na Shirika la Reli Tanzania likaanza. Injini ya mvuke yenye rangi ya damu ya mzee ya Reli za Afrika Mashariki haipaswi kusimama ubavuni mwa mabehewa ya abiria yaliyorudi Moshi mwaka 2019 na Arusha mwaka 2020. Kama unapenda zama zote mbili, fanya vipindi viwili: saa nne hadi saa sita treni za zamani, mchana za sasa, na ubao mbele unaosema ni mwaka gani.

Vipimo vya stesheni yenyewe chukua papo hapo, baada ya kuomba ruhusa kwa mkuu wa stesheni. Usipige picha wala kuingia njiani bila ruhusa hiyo. Huhitaji futi ndefu. Pima nafasi kumi za mataruma, gawanya kwa kumi, kisha hesabu mataruma ukitembea jukwaani. Mita moja ni mm 11.5 mezani. Jukwaa la mita 200 lingekula mita 2.3, kwa hiyo litafupishwa, na hakuna ubaya: fupisha urefu wa njia hadi asilimia 60 kama lazima, lakini milango, madirisha na kimo cha paa usiviguse. Mlango wa mita 2.1 ni mm 24, mtu mzima ni mm 19 au 20. Jicho linasamehe jukwaa fupi, mlango mfupi halisamehe.

Mabati ya kununua yaliyokunjwa kwa mizani kubwa huharibu paa zuri. Bati halisi lina mawimbi ya mm 76, sawa na mm 0.9 mezani. Chukua rodi yenye nyuzi ya M5, ambayo nyuzi zake ziko mm 0.8, laza karatasi ya foili ya jikoni juu ya mpira laini na uiviringishe rodi kwa kuikandamiza. Kata vipande vya mm 9 kwa 28, viezeke kuanzia chini kwenda juu vikipishana, na kila cha tano au sita kitie kutu tofauti.

Kusafiri na kusimama siku nzima

Barabara ya Moshi hadi Arusha ni km 80 na matuta yake ndiyo yanayong'oa nyaya. Funga meza mbili mbili, uso kwa uso, kwa mbao za mwisho za plaiwudi ya mm 9, nafasi ya katikati izidi jengo refu kwa sm 3. Zisafiri kwenye kirikuu zikiwa zimesimama kwa ubavu, zimefungwa kamba, juu ya godoro jembamba. Injini na mabehewa viwe katika sanduku lake, kila kimoja ndani ya sponji, nalo lipakatwe na abiria wa mbele.

Ukifika, usifungue masanduku ya magari kwanza. Simamisha meza, weka pimamaji kwenye reli zenyewe wala si kwenye fremu, rekebisha miguu kwa bolti za chini, ingiza pini za bawaba, ndipo ukaze bolti. Pitisha balbu ya bodaboda njia nzima. Kisha sukuma kwa mkono behewa lako baya kuliko yote, lile linaloangukaanguka, mizunguko miwili. Likipita, yote yatapita.

Injini moja isitembee zaidi ya dakika 20 mfululizo. Weka mbili au tatu za kupokezana, na iliyopumzika iguswe tumboni: kama haishikiki kwa joto, ina mzigo mzito au gia kavu. Reli zifutwe kila baada ya saa mbili. Kimo cha meza kiwe sm 100 mradi watoto wa shule ndio wengi, na kizuizi cha kamba au ubao kiwe sm 40 mbele ya ukingo, kwa sababu mkono wa mtoto wa darasa la pili unafika sm 50 na utafuata treni, si jengo. Kwa hiyo njia ya mbele kabisa iwe ya mabehewa ya mizigo yaliyosimama, na treni zinazotembea zipite nyuma yake.